Mwalimu wa Nidhamu Hapendi Kuteleza

Ilianza Jumamosi, saa nane mchana, mimi nikiwa na fagio mkononi na kosa moja kichwani. Kosa lenyewe lilikuwa kunyamaza. Siku iliyotangulia Mwalimu wa Nidhamu aliniuliza swali la Jiografia. Jibu nilikuwa nalijua. Nililitazama likipita mbele ya macho yangu kama treni ya mizigo isiyosimama stesheni yetu, nikashindwa kulidandia. Akasubiri. Darasa zima likasubiri. Mwisho akasema, "Kunyamaza mbele ya mwalimu ni dharau iliyovaa sare. Kesho saa nane, bwaloni, na fagio lako."

Basi nikaenda. Nilitegemea kukuta mabenchi na mabaki ya ugali. Nikamkuta Mwalimu wa Nidhamu mwenyewe amepiga magoti sakafuni, shati jeupe, tai shingoni, anaisugua saruji kwa kidole gumba kama mama anayepima homa ya mtoto. Pembeni yake magari matano ya rimoti yamepangwa mstari mmoja, yamenyooka kuliko sisi mstarini asubuhi.

"Anzia mlangoni," akasema bila kunitazama. "Usiache unga. Unga ni adui."

Hivyo ndivyo nilivyojiunga na chama cha magari ya rimoti cha shule yetu. Wengine wote walijiunga kwa njia hiyohiyo. Chama hakikuwa na wanachama, kilikuwa na wafungwa. Mtu akichunguza ataona kwamba Jumatatu wanafunzi wa shule yetu walikuwa malaika, ila ikifika Ijumaa mchana uhalifu unapanda ghafla: huyu hajachomekea, yule kacheka vibaya, mwingine kapiga chafya wakati wa wimbo wa taifa. Si kwamba tabia zetu zilibadilika. Ni kwamba kesho yake bwalo lilihitaji kufagiliwa.

Sitasema alizaliwa wapi kwa sababu sijui, na sijaona mtu wa kumuuliza. Ninachojua ni kwamba alikuwa anakaa mkabala na kwetu tangu niko darasa la tatu, na kwamba ukimwamkia huku unakimbia haitiki. Anasimama katikati ya njia, mikono nyuma, anasubiri urudi, usimame, ushushe pumzi, uanze upya. "Shikamoo ya mbio haipokelewi," alikuwa anasema. Bibi yangu alisema mtaa mzima una bahati kupata mtu anayelea watoto wa wenzake bure. Sisi watoto tulikuwa tayari kuchanga tumlipe aache.

Tena alikuwa na tabia ya kuangalia watu miguu. Mtu wa kawaida anaanza na uso. Yeye alianza na soli. Alikuwa anakuambia unyanyue mguu kama farasi, anasoma kiatu chako, halafu anakusomea tabia yako. Soli iliyolika upande wa nje, mkaidi. Iliyolika ndani, mwongo. Iliyolika kisigino peke yake, mvivu, na wazazi wake pia. Yangu ilikuwa imelika mbele, kwenye ncha ya vidole. Aliitazama muda mrefu akasema, "Wewe unatembea kama mtu anayeiomba sakafu radhi." Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikaandika humu daftarini kwamba ni mzee mjinga. Halafu nikajichunguza naenda jikoni. Nilikuwa natembea hivyohivyo.

Sasa nije kwenye matairi, maana mtu huyu huwezi kumweleza bila matairi, kama usivyoweza kumweleza mtu wa bonde hili bila mpunga.

Magari yenyewe yalitoka kwenye marobota ya mitumba Dar es Salaam, upande wa midoli, yakaja na matairi yake ya kiwandani. Bwalo letu nalo lina sakafu ya saruji nyekundu iliyolainishwa na miaka mingi ya miguu, unga na mchuzi wa maharage. Nyuma ya ukuta kuna mashine ya jirani ya kukoboa mpunga, na pumba zake laini zinaingia madirishani na kutua sakafuni kama poda kwenye shingo ya mtoto. Mtu mwenye akili timamu angesema hapa si mahali pa kushindania magari, twendeni uwanjani. Mwalimu wa Nidhamu alisema uwanjani kuna udongo, na udongo unasamehe. Sakafu haisamehi. Kwa hiyo tukabaki kwenye sakafu isiyosamehe, tukisimamiwa na mtu wa aina hiyohiyo.

Tulijaribu kila kitu. Matairi ya kiwandani yalikuwa plastiki ngumu: gari likianza tu, nyuma inataka kuwa mbele. Tukaweka yale yenye meno makubwa, yanayopendeza kwenye picha. Kwenye saruji meno yanagusa kwa ncha tu, gari linarukaruka kama mtu anayevuka tope amevaa gauni la kuazima. Tukakata pete za mpira wa ndani wa baiskeli tukazivisha kwenye rimu. Huo unashika vizuri sana mzunguko wa kwanza. Mzunguko wa pili umeshavaa pumba, wa tatu umekuwa andazi lililobiringishwa kwenye unga. Dawa yake ni kupangusa kwa kitambaa kibichi kila gari linaposimama, na mpangusaji alikuwa mimi, mtaalamu wa kazi zisizohitaji mdomo.

Halafu ikaja sponji ya ndala. Unakata soli, unaitoboa, unaipiga msasa mpaka iwe duara. Ni laini, inashika hata kukiwa na vumbi, ila inalika haraka. Muhula ule mabweni yalipoteza ndala nyingi, zote za mguu wa kushoto. Kwa nini kushoto sijui. Labda hata mwizi alikuwa na nidhamu.

"Nyuma laini, mbele ngumu kidogo," Mwalimu alikuwa anatuimbia. "Mbele ikishika kuliko nyuma, gari litageuka likutazame kama mbwa aliyeitwa." Kipimo chake kilikuwa kidole gumba. Tairi likibonyea kama embe bivu, linakwenda nyuma. Likibonyea kama embe la kula na chumvi, linakwenda mbele. Na Masanja akisema anapenda tairi fulani kwa sababu lina rangi nzuri, alikuwa anajibiwa, "Sakafu ndiyo inayochagua tairi. Wewe unapeleka posa tu."

Masanja nimtambulishe, kwa sababu yeye hajui kujificha. Tuko darasa moja. Ni mtoto wa wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka Usukumani, na ndiye dereva wetu bora, jambo analolitangaza yeye mwenyewe kuokoa muda wetu. Kosa lililomleta chamani lilikuwa kupiga mluzi. Hajaacha.

Basi bwana, tairi bora kuliko yote tulilipata kwa njia ambayo nikiiandika inabidi niangalie mlango. Ni lile la vipele vidogovidogo, laini, vinavyojikunja na kung'ang'ania saruji hata kukiwa na pumba. Mwalimu wa Nidhamu alikuja nalo Jumamosi moja limekunjwa kwenye gazeti, vipande vya ngozi nyekundu na nyeusi, akaniambia nivigundishe kwenye rimu. Nikagundisha. Gari likakata kona kama limefungwa kamba. Masanja alipiga mluzi na hakuadhibiwa.

Jumatatu yake mwalimu wa michezo akagundua kwamba raketi zote za mpira wa meza za shule zimechunwa.

Nani afanye uchunguzi? Mwalimu wa Nidhamu, bila shaka. Alisimama mbele ya mstari, mikono nyuma, akasema kwa uchungu mkubwa, "Kati yetu kuna mwizi." Hilo halikuwa uongo. Akapekua mabweni jioni nzima. Akapata simu mbili, hita ya kuchemshia maji, wigi na mtungi wa togwa. Ngozi za raketi hakuzipata, na hata mimi ningeshangaa kama angezipata humo. Nilikuwa nimesimama mstarini na gundi kavu kwenye vidole. Akapita, akavitazama vidole vyangu, akanitazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza kunyamaza kwangu hakukuwa dharau.

Mtu huyohuyo, mpima sponji kwa kidole gumba, alikuwa na pikipiki yenye tairi la nyuma lisilo na ua hata moja. Laini tupu. Masika barabara yetu ikigeuka tope jeusi, alikuwa anaanguka mbele ya nyumba yetu kwa utaratibu mzuri kabisa: kwanza breki, halafu nyuma inapita mbele, halafu madaftari. Bibi alikuwa anatoka na maji ya kunawa kabla hajainuka. Vijana wa bodaboda walikuwa wanamsubiri pale kona.

"Mwalimu, tairi lako lina kipara kukushinda wewe!"

"Kipara ni dalili ya kufikiri," anajibu akiwa bado chini.

"Basi linafikiria kukuua, mwalimu!"

Bibi alipomuuliza kwa nini asibadilishe, alisema tairi jipya humfanya dereva mzembe. Bibi akasema sawa, akarudi ndani kucheka.

Pamoja na hayo, kuteleza ndiko alikokuchukia kuliko kitu chochote duniani, hata kuliko wigi. Kwake kuteleza hakukuwa jambo la saruji na mpira, kulikuwa utovu wa maadili. "Gari linaloteleza halina malezi," alikuwa anasema, na ukitelezesha gari kwenye kona unapangusa matairi ya wote. Ndiyo maana ilikuwa balaa siku alipomkuta Masanja nyuma ya jiko. Masanja alikuwa amekata pete kutoka kwenye bomba jeupe la maji, la plastiki, gumu kama mfupa, akazivisha magurudumu yote manne, na nyingine nne za akiba ziko mfukoni. Gari halishiki chochote. Linakwenda kiubavu, pua ndani, mkia nje, linazunguka sufuria la maharage bila kuligusa. Wapishi walikuwa wanapiga makofi. Mimi nilikuwa nacheka kwa sauti, jambo ambalo halimo kwenye rekodi zangu.

"Masanja. Hiyo nini?"

"Linacheza, mwalimu."

"Gari halichezi. Ng'ombe wa kwenu wanacheza?"

"Wakishiba, ndiyo, mwalimu."

Pete zikaingia kwenye kabati la vitu vilivyokamatwa, pamoja na wigi na zile simu. Kabati lina kufuli, na ufunguo alikuwa anautembeza mfukoni kama moyo wa pili.

Sasa sikia kilichokuwa kinatusubiri. Kamati ya shule ilikuwa imeanza kulitamani bwalo. Mjini watu wanaoana kuliko kumbi zilizopo, na kamati ikaona Jumamosi bwalo letu linakaa na watoto wachache na midoli, wakati lingeweza kukodishwa kwa harusi na sendofu za kuaga mabinti. Mkuu wa Shule, ambaye ni mama mpole mpaka anapofungua mdomo, akamwita Mwalimu wa Nidhamu ofisini, pamoja na mimi na Masanja.

"Siku ya mahafali ya kidato cha nne mtaonyesha magari yenu mbele ya mgeni rasmi," akasema. "Yakipendeza, Jumamosi ni yenu. Yakiniaibisha, bwalo linakwenda kwa maharusi."

Ningeweza kujifanya sikujali. Lakini humu sijifanyi. Jumamosi ile ndiyo ilikuwa siku pekee ya wiki ambayo ningeweza kukaa na watu mchana mzima bila mtu kuniuliza, "Mbona husemi?" Rimoti haikuulizi. Gari likikata kona vizuri, kila mtu anaelewa ulichotaka kusema. Nikikosa bwalo nilikuwa narudi kuwa yule msichana wa kutazama wenzake kutoka dirishani. Na Mwalimu, nadhani, alikuwa anarudi kuwa mzee mwenye ufunguo.

Tulijiandaa kama tunakwenda vitani. Tuliijua sakafu ile kila sentimeta: pale mlangoni pana unga, pale kwenye meza ya walimu pana mafuta, chini ya dirisha la tatu pumba zinatua hata mashine ikiwa imezimwa. Matairi ya vipele nyuma, sponji mbele, vitambaa vibichi vitatu. Siku ya mwisho Masanja, na mimi nyuma yake na gari la pili, tulizunguka bwalo zima bila kuteleza hata mara moja. Mwalimu wa Nidhamu akatikisa kichwa kukubali, na kwa mtu yule kutikisa kichwa ni nderemo na vifijo.

Asubuhi ya mahafali nikafungua mlango wa bwalo, na mwanga ukanipiga usoni.

Sakafu ilikuwa inang'aa. Nyekundu, tulivu, kama maji ya kisima. Ungeweza kuinama ukahesabu meno yako. Harufu ya nta na mafuta ya taa ilikuwa imejaa mpaka darini. Masanja aliliweka gari chini, akagusa rimoti. Gari likajizungusha palepale kama kuku aliyechinjwa, likaenda kugonga meza ya keki. Tukapangusa matairi. Likajizungusha tena. Sponji ilikuwa imekunywa nta na kuwa sabuni. Vipele vilikuwa vimejaa nta, vimelala chini kama nywele zenye mafuta. Tukaweka mpira wa baiskeli. Nao ukatusikitikia tu.

Mwalimu wa Nidhamu akaingia, tai mpya. Akasimama. Sakafu ikamwonyesha uso wake mwenyewe.

"Nani," akasema taratibu, "kaamuru nta?"

Kiranja wa usafi, kasichana ka kidato cha pili, akasogea mbele akiwa bado na kifuu cha kusugulia mkononi. "Wewe, mwalimu. Jana mstarini. Ulisema mgeni rasmi hawezi kukanyaga sakafu kavu. Ukasema tusugue mpaka tujione."

Kweli alisema. Mimi nilikuwepo. Hakuna aliyeshtuka, hata yeye. Huku kwetu mgeni akija sakafu inapigwa nta, hivyohivyo kama kuku anavyochinjwa, na hakuna anayemuuliza kuku. Miezi yote ile aliisoma sakafu kwa kidole gumba, halafu Mwalimu wa Nidhamu wa siku za wiki akamharibia Mwalimu wa Nidhamu wa Jumamosi, kwa sentensi moja, bila wao wawili kuonana.

Alimtazama yule mtoto, akaitazama sakafu. "Imependeza," akasema. Nini kingine angesema?

"Tusugue kwa sabuni, mwalimu," Masanja akasema.

"Mgeni rasmi yuko ofisini anakunywa chai. Na keki ishafika."

Tukakaa kimya. Mimi kukaa kimya ni kazi yangu, lakini ukimya ule ulikuwa tofauti, ulikuwa na kitu ndani kinagonga. Nilikuwa nimeshaona la kufanya tangu gari lilipogonga meza. Nilisubiri mtu mwingine aone. Masanja alikuwa anapangusa tairi ambalo halitapanguswa mpaka kiama. Nje kwaya ilianza kupasha sauti.

"Bomba," nikasema.

"Nini?" Mwalimu hakusikia. Hakuna aliyewahi kuzoea kunisikia.

"Mwalimu, tuvalishe pete za bomba. Zile za kabatini."

"Gari litateleza."

"Linateleza tayari, mwalimu. Bora liteleze tunajua linakokwenda."

Masanja aliacha mdomo wazi. Nadhani hakujua nina sauti ya urefu ule. Mwalimu wa Nidhamu alisimama pale muda ambao kwaya ilimaliza ubeti mzima. Halafu akatia mkono mfukoni, akanipa ufunguo, akageukia ukuta kama mtu anayempisha mwenzake avae nguo.

Wengine watasimulia siku hiyo vizuri kuliko mimi, kwa sababu mimi nilikuwa naangalia gari langu tu. Tulikuwa magari mawili, langu na la Masanja, kila gurudumu plastiki tupu, gumu, sawasawa mbele na nyuma, ili pasiwe na upande unaoshika kumshinda mwenzake. Siri ni kutolazimisha. Unaliachia lianze kwenda kiubavu, unalikatia usukani upande wa pili, unaligawia moto kidogokidogo. Yakapita kati ya mabenchi yamelala ubavu, pua kwa pua, yakazunguka meza kuu, miguuni pa mgeni rasmi, yakatoka upande wa pili bila kugusa kiatu. Akina mama wakapiga vigelegele. Mshereheshaji akalia kwenye kipaza sauti, "Jamani, magari yanacheza kuliko wahitimu!" Mwishoni Masanja akagonga ndoo ya maua. Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo.

Mgeni rasmi alipoinuka kuhutubia, alisifu ubunifu wa vijana katika sayansi na teknolojia kwa sentensi moja. Kisha akasema jambo lililomgusa zaidi tangu aingie ni sakafu. Akamtaka aliyehusika asimame. Mwalimu wa Nidhamu akasimama, akapigiwa makofi, akavishwa taji la maua ya plastiki. Sijawahi kuona mtu anayepongezwa akiwa na uso wa mtu anayefiwa.

Mkuu wa Shule naye akasema Jumamosi ni yetu, ilimradi chama kiwe na mwalimu mlezi.

Ungedhani tulipewa hata soda. Jumatatu mimi na Masanja tulipewa adhabu ya kuondoa nta yote bwaloni, kwa kosa la kuteleza mbele ya mgeni. Tukaenda na ndoo. Tulipofika tulimkuta keshakunja suruali, yuko kona ya mbali, anasugua. Alisugua nusu yake, tukasugua nusu yetu, tukakutana katikati, akapima kwa kidole gumba, akaenda zake.

Likizo ya Desemba ikapita. Jumapili, siku moja kabla ya shule kufunguliwa, niliona fuso limesimama mkabala na kwetu, na Mwalimu wa Nidhamu yuko juu yake anapigana na godoro.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Shika kamba hiyo."

Nikashika. Kumbe amehamishwa, anakwenda ng'ambo ya mto, upande wa Malinyi. Bibi alikuwa anajua. Mtaa mzima ulikuwa unajua. Ukiwa mtu wa kutoongea, habari nazo zinakuona huna shida nazo.

"Kesho Mkuu anapanga ratiba ya bwalo," akasema huku anakaza fundo. "Mwenyekiti wa kamati atakuwa mlangoni asubuhi na mapema. Harusi zimeshaanza kuandikishwa."

"Na mlezi je?"

"Nimewaomba walimu wawili. Mmoja ana mradi wa kuku, mwingine ana mke mpya. Jumamosi hawapatikani."

"Basi nitamwambia Masanja aende kwa Mkuu."

"Masanja ataadhibiwa kabla hajakaribishwa. Uso wake tu ni kosa. Nenda wewe."

"Mwalimu, mimi siwezi kusema."

Alivuta kamba mpaka fuso likalia. Halafu akasema, akiwa amenipa mgongo, "Siku ile ya mahafali nilikuwa nimeshapanga kumwambia mgeni rasmi kwamba betri zimekufa."

"Ungesema uongo, mwalimu?"

"Kwa nidhamu," akasema. "Ungekuwa uongo uliochomekewa." Na akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka, ana pengo upande mmoja, anaonekana mtoto. "Nilikuwa nimeshakata tamaa, binti. Wewe hukukata. Magari nimeyaacha kabatini. Ufunguo uko kwa Mkuu, ukitaka inabidi umwombe."

Dereva akapiga honi. Nilitaka kusema kitu cha maana. Asante, kwa mfano, ni neno fupi, hata mimi ningeliweza. Nikasema, "Mwalimu, godoro linalegea upande wa kushoto."

Akalikaza. Hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yetu.

Asubuhi nilitoka nyumbani kabla Bibi hajawasha moto. Njia nzima niliwapanga walimu wote wa shule kichwani, nikawaondoa mmoja mmoja: huyu ana shamba Chita, huyu ana kwaya, huyu anaogopa umeme wa betri. Nilipofika ofisini mwenyekiti wa kamati bado, ila baiskeli yake ilikuwa inakuja kwa mbali. Nikabisha hodi. Nikabisha ya pili kwa nguvu, kwa sababu ya kwanza niliibisha kama mtu anayetaka asisikike.

Mkuu wa Shule alikuwa na kikombe cha chai ya maziwa mezani, kinatoa mvuke. Nikamwamkia. Nikamweleza kuhusu sakafu, na pumba, na kwa nini tairi laini linakaa nyuma, na watoto wanaokuja siku hizi hata bila kuadhibiwa, na kwamba harusi inaweza kufanyika hata chini ya turubai lakini magari hayawezi. Nilipomaliza, chai ilikuwa imeshika utando juu.

"Na mlezi wenu ni nani?" akauliza.

"Wewe, Mkuu."

Akaniangalia. Nje nilisikia baiskeli inaegeshwa ukutani, na mtu anakohoa ili ajulikane kuwa amefika. Mkuu wa Shule akasogeza kikombe pembeni, akavuta kiti cha wageni kwa mguu.

"Mwambie asubiri," akasema. "Halafu rudi ukae."

Nikafungua mlango, nikamwambia mwenyekiti wa kamati asubiri. Nikarudi nikakaa.